Kwa nini boya zito hufika kwanza

Mara tatu tulipanda ngazi za mtelezo wa maji, mara tatu tukashuka kwa mashindano tukiwa wawili wawili kwenye maboya, na mara zote tatu matokeo yalikuwa yaleyale. Mimi na mpwa wangu mkubwa, kijana wa miaka 15, tulifika chini kwanza. Dada yangu na binti yake wa miaka 8 walifika nyuma yetu, na safari ya tatu tuliwaacha kwa nafasi ya maboya mawili mazima. Binti alitoka majini amekunja uso, maji yakimchuruzika kidevuni, akashika mpini wa boya lake kwa mikono miwili na kuniuliza: "Mjomba, sisi tunakosea wapi? Mwanzoni tunawaacha kabisa, halafu mnatupita gizani."

Nilimjibu kwamba hakuna anachokosea. Hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika. Alikuwa amefanya kila aliloliona kwa washindi: kuinama mbele, kubana viwiko, kupiga kelele za kujitia moyo. Jibu langu lilikuwa kweli, lakini halikueleza chochote. Na lile aliloliona mwenyewe, kwamba boya lao lilitangulia kisha likapitwa, ndilo lililonikaa kichwani siku kadhaa, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu kinachohusu mtelezo wa mashindano. Makala hii ni jibu ambalo nilipaswa kumpa pale pale.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mtelezo wa mashindano wa maboya una mnara mmoja wenye ngazi. Juu kuna jukwaa, na kutoka hapo hushuka mifereji miwili au zaidi iliyolala ubavu kwa ubavu, maji yakitiririka ndani yake muda wote. Wewe na mwenzako mnaketi kwenye boya la kujazwa upepo lenye umbo la tarakimu 8, mmoja kwenye tundu la mbele na mwingine la nyuma. Mnashika mipini, na mnaachiliwa kwa wakati mmoja na boya la jirani. Kuna sehemu ambapo mfereji umefunikwa ukawa bomba lenye giza, na kuna sehemu ambapo uko wazi na ukuta unaowatenganisha na majirani ni mfupi kiasi kwamba mnatazamana usoni.

Ukuta huo mfupi una kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Ili kuiona kazi hiyo, turudi nyuma: mitelezo ya maji ni ya zamani kidogo. Bustani ya Wet 'n Wild iliyofunguliwa na George Millay huko Orlando, Marekani, mwaka 1977 hutajwa na wengi kuwa ndiyo iliyoanzisha bustani za michezo ya maji kwa sura tunayoijua leo. Mbio nazo hazikuanza na maboya. Kwa miaka mingi mashindano yalikuwa ya mikeka: unalala kifudifudi, kichwa mbele, kila mtu kwenye mfereji wake. Ni mchezo mzuri, lakini mtoto mdogo yuko peke yake pale juu, na uso wake ndio unaotangulia. Boya la watu wawili lilileta mbio mahali ambapo mzazi na mtoto wanakaa pamoja. Mfano mmoja ni Riptide Race katika bustani ya Aquatica, hukohuko Orlando, uliofunguliwa mwaka 2021: mnara wa futi 68, yaani karibu mita 21, maboya ya watu wawili, na kuta zilizoshushwa katika baadhi ya sehemu ili washindani waonane na kusikiana. Kama kuta zingekuwa ndefu njia nzima, mngekuwa watu wanne waliotelezea mabomba mawili tofauti na kuja kuulizana chini nani amefika kwanza.

Uzito peke yake haukupi ushindi

Watu wengi wakiona boya zito linashinda husema, "Bila shaka, kitu kizito huanguka haraka." Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 17 Galileo Galilei alikuwa akivingirisha mipira kwenye mbao zilizoinama, ambazo kwa kweli ni mitelezo midogo, na kazi yake ilisaidia kuonyesha kwamba vitu vyote huongeza kasi kwa kiwango kilekile vinapoanguka au kuteremka, ikiwa hakuna kinachovizuia. Dunia humvuta mtu wa kilo 80 mara mbili ya inavyomvuta wa kilo 40. Lakini mtu wa kilo 80 pia ni mgumu kusogeza mara mbili zaidi. Mambo hayo mawili yanakatana, na wote wanakwenda sawa.

Hata msuguano wa kawaida, wa kitu kikavu juu ya kitu kikavu, hauvunji usawa huo. Mtelezo mkavu wa uwanja wa watoto ni ushahidi mzuri. Mtu mzito hubana ubao zaidi, kwa hiyo anasuguliwa zaidi, kwa kadiri ileile ambayo Dunia inamvuta zaidi. Faida yake inaliwa yote. Ukishindana na mtoto kwenye mtelezo mkavu, na mmevaa nguo za kitambaa kimoja, mtafika karibu pamoja.

Maji hayafuati kanuni hiyo, na hapa ndipo fumbo la mpwa wangu linapoanza kufunguka.

Maji yanayokubeba na maji yanayokuzuia

Mfereji wa faibaglasi bila maji ungeushika mpira wa boya kama gundi. Ndiyo maana pampu hazizimwi: zinapandisha maelfu ya lita kila dakika hadi juu ya mnara, na maji hayo yanateremka yakiwa utando mwembamba chini ya boya. Boya halisugui faibaglasi tena, linaelea juu ya utando. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maji, nayo kila mtu anaiona.

Kazi ya pili inaonekana kwa shida. Boya likianza kwenda kasi kuliko maji yaliyo chini yake, linalazimika kuyakokota, kuyasukuma mbele na kuyarusha pembeni. Kila tone linalokupiga usoni limekula sehemu ndogo ya kasi yako. Hewa nayo inafanya vilevile. Na nguvu hiyo ya kuzuia inategemea mambo mawili makubwa: ukubwa na umbo la boya, na kasi yake. Uzito wa waliokaa juu unaingia kidogo tu, kupitia jinsi boya linavyobonyea. Maboya yote mawili yametoka kiwanda kimoja, yana tumbo moja, yanakokota maji yaleyale. Kwa hiyo yanazuiwa kwa nguvu inayokaribiana.

Sasa chukua hesabu. Mimi na kijana tuna kilo 135 kwa jumla. Dada na binti yake wana kilo 90. Tuseme mahali fulani kwenye mteremko maji na hewa vinavuta kila boya nyuma kwa nguvu ya nyutoni 90. Boya la kilo 90 linanyang'anywa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. La kilo 135 linanyang'anywa theluthi mbili ya hiyo. Uvutano wa Dunia umewapa sawa, ila maji yanawatoza tofauti, na mwepesi ndiye anayelipa zaidi. Ndiyo sababu ukitupa jiwe na mpira mtupu wa plastiki wenye ukubwa uleule, mpira unachoka njiani na jiwe linaendelea.

Kwa nini basi wao walitangulia mwanzoni? Kwa sababu ya sheria ileile, ila imegeuzwa upande. Pale jukwaani boya linaanza likiwa limesimama, na maji tayari yanakimbia. Kwa sekunde chache za mwanzo maji ndiyo yenye kasi, boya ndilo lililochelewa; kwa hiyo maji hayazuii, yanasukuma. Na yakisukuma maboya mawili kwa nguvu inayokaribiana, jepesi ndilo linalochomoka. Halafu mteremko unakuwa mkali, boya linayapita maji, na kuanzia hapo aliyekuwa akisukumwa anakokota. Mahali pa mabadiliko hayo, kwenye mtelezo wetu, palikuwa ndani ya bomba. Binti aliona sawasawa: waliongoza kwenye mwanga, wakapitwa gizani. Hakuna kilichotokea gizani isipokuwa kwamba maboya yalianza kwenda kasi kuliko maji.

Unaweza kupima ukubwa wa makato hayo bila kifaa chochote. Kitu kinachoteremka mita 21 bila kuzuiwa na chochote kingefika chini kikiwa na kasi ya mita 20 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Boya la familia halifiki kwa kasi hiyo hata kidogo, na wasanifu hawataki lifike. Tofauti yote imebaki njiani, ndani ya maji, hewani, na kwenye kona.

Uzito nao una kikomo cha faida. Boya lililobebeshwa kupita kiasi hubonyea, sakafu yake hugusa mfereji pale ambapo utando wa maji ni mwembamba, na huchota maji kama ndoo. Kwa hiyo kibao cha uzito wa juu kilichoko mwanzo wa ngazi hakikuwekwa kumuaibisha mtu. Boya, kina cha maji na urefu wa kuta vimepigiwa hesabu pamoja, na ukizidisha uzito umetoka nje ya hesabu hiyo.

Kona, na swali la nani amepewa njia fupi

Watoto wakishindwa mara mbili huanza kuulaumu mfereji. Si lawama ya kijinga. Ukichora mifereji miwili sambamba inayozunguka duara zima, na kati ya katikati ya mmoja na ya mwingine pana mita 1.5, mfereji wa nje unakuwa mrefu kwa zaidi ya mita 9. Kwa mbio zinazoamuliwa kwa urefu wa boya moja, hiyo ni dhuluma tupu. Msanifu ana njia kadhaa za kuifuta. Anaweza kuipinda mifereji kama herufi S, aliyekuwa nje kwenye kona ya kwanza akawa ndani kwenye ya pili. Anaweza kuifanya mifereji iwe taswira ya kila mmoja kwenye kioo, mmoja unazunguka kulia na mwingine kushoto, kisha inakutana. Anaweza pia kuivusha, mmoja ukapita juu ya mwenzake. Ukisimama chini kabla ya kupanda na kuufuatisha kila mfereji kwa kidole, utaona ni njia ipi iliyotumika. Ni dakika moja tu, na mimi huona ni dakika inayolipa kuliko nyingine zote za foleni.

Hata urefu ukisawazishwa, kona bado ina la kusema. Boya likiingia kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 5 kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde, linasukumwa upande wa nje kwa nguvu inayozidi uzito wake lenyewe kwa karibu theluthi moja. Halibaki chini ya mfereji; linapanda ukuta na kulala kwa zaidi ya nyuzi 45. Mwili wako unaisikia hali hiyo: tumbo linazama kwenye kiti, shingo inakuwa nzito, na kwa muda mfupi maji ya mfereji unayaona chini yako badala ya mbele. Kupanda huko kunarefusha njia. Boya linalopanda kwa ulaini na kushuka kwa ulaini hurejeshewa kasi yake nyingi. Linalopanda kwa pembe mbaya, likajigonga, likarudi na kugonga ukuta wa pili, limeipoteza moja kwa moja. Safari ya tatu, dada na binti waligonga mara mbili mfululizo. Nilisikia mshindo wa mpira na kilio cha kicheko, na hapo ndipo zile nafasi mbili zilipopatikana.

Kuna sauti nyingine utakayoisikia ukinyamaza kidogo: tuk, tuk, tuk, chini ya mgongo, ikienda haraka kadiri unavyoshuka. Ni viungo. Mtelezo haujengwi kwa kipande kimoja. Ni vipande vya faibaglasi vilivyofungwa kwa boliti, na kila kiungo hutengenezwa kwa namna kwamba kipande cha chini kisitoe ukingo wa kumkwaruza anayeteremka. Uso wa ndani hupigwa nta na kusuguliwa ili usiwe na ukali. Ndiyo sababu unakatazwa kuvaa nguo zenye zipu za chuma, vifungo vya chuma au mkanda. Mkwaruzo mmoja mdogo kwenye ule uso laini huwa mahali pa kukwama ngozi ya mtu mwingine, na huwaumiza watu wasiojua hata ulipita pale.

Jukwaani

Mwanzo wa mbio uko mikononi mwa mtumishi mmoja. Anakagua mmekaaje, anatazama chini kuona kama waliotangulia wametoka, anasubiri ishara ya mwenzake aliye kwenye bwawa, kisha anawaachilia. Penye lango au mkanda unaosukuma maboya yote kwa pamoja, mwanzo huwa sawa kabisa. Anaposukuma kwa mkono au mguu, kuna tofauti ndogo, nayo inakua njiani. Nusu sekunde pale juu ni kitu cha kufumba na kufumbua, lakini maboya yakifika chini yakiwa na kasi ya mita 8 kwa sekunde, nusu sekunde hiyo ni mita 4. Picha ya aliyeshindwa kwa mbali inaweza kuwa imechorwa yote kabla boya halijaondoka. Kwa hiyo nikiulizwa na mtoto nani bora, kwanza humuuliza kama maboya yaliachiliwa pamoja.

Kukaa kwenye boya ndiko jambo ambalo ningependa kila mzazi alisikilize kwa utulivu. Ukiketi sawasawa, mgongo umeegemea, makalio yamezama kwenye tundu, mipini mkononi, uzito wenu uko chini na katikati. Ukiinama mbele kama dereva wa pikipiki, pua ya boya inabonyea na kuchota maji. Unajipunguzia kasi kwa mkono wako. Mzito akikaa nyuma na mtoto mbele, pua inainuka kidogo na boya linateleza vizuri, na kwenye mitelezo mingi ya familia watumishi huwapanga hivyo. Lakini wao ndio wanaoujua mtelezo wao. Wakisema mbadilishane, badilishaneni.

Uzito uliokaa vibaya si suala la ushindi peke yake. Mwaka 2014 huko Kansas City, Marekani, bustani ya Schlitterbahn ilifungua mtelezo ulioitwa Verrückt, wenye kimo cha zaidi ya mita 51, uliotambuliwa kuwa mrefu kwenda juu kuliko yote duniani. Maboya yake yalibeba watu watatu, na kulikuwa na kima cha uzito wa chini na wa juu kwa jumla yao. Mwezi Agosti 2016 boya moja liliruka kutoka kwenye mfereji lilipopanda kilima cha pili, na mtoto wa miaka 10 aliyeketi mbele akapoteza maisha. Watu wazima wawili waliokuwa nyuma yake walijeruhiwa. Mgawanyo wa uzito, mwepesi mbele na wazito nyuma, ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoangaliwa, pamoja na usanifu wenyewe wa mtelezo. Haukufunguliwa tena, na mwaka 2018 ulibomolewa.

Siutaji ili kuwatisha watu. Mtelezo wa mashindano wa familia hauna kilima cha kurusha boya hewani kwa namna ile. Nautaja kwa sababu jumla ya kilo haielezi kila kitu, na kwa sababu hesabu za mitelezo zinapaswa kufanywa na wahandisi na kuthibitishwa kwa majaribio. Kuna viwango vya kazi hiyo: Ulaya hutumia EN 1069, na Marekani hutumia ASTM F2376, vinavyogusa usanifu, ujenzi na uendeshaji. Kama unasimamia au unakusudia kujenga bustani ya maji, anzia hapo.

Kwa mgeni, sehemu ya viwango hivyo inayomfikia ni ule ubao wa kupimia urefu wa mtu. Sentimita 107 au 122 ni vipimo vinavyoonekana mara nyingi, kwa sababu vinatokana na inchi 42 na 48. Mtoto aliyepungukiwa na vidole viwili hulia, na mzazi hushawishika kumwambia asimame kwa vidole vya miguu. Tafadhali usifanye hivyo. Urefu hutumika badala ya mambo mengi ambayo mtumishi hawezi kuyapima kwenye ngazi: kama mikono inafika kwenye mipini bila kunyooshwa, kama shingo inaweza kuhimili ule uzito wa kona, kama kichwa kitabaki juu ya maji akianguka bwawani. Mwenye mimba, na mwenye tatizo la moyo, mgongo au shingo, naye abaki chini.

Mita za mwisho

Boya halina breki. Linasimamishwa na maji. Mfereji unalala tambarare, kina kinaongezeka, na boya linalazimika kusukuma lundo la maji mbele yake. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000, kwa hiyo kusimama huja haraka kuliko mtu anavyotarajia. Ukiwa umeachia mipini ili uinue mikono juu kwa ushindi, wewe utaendelea mbele wakati boya limesimama. Mstari wa mwisho, penye taa au kihisio cha muda, kwa kawaida uko kabla ya maji hayo mazito, hivyo aliyeshinda tayari ameshinda. Hakuna cha kuongeza kwa kujirusha. Na boya likisimama, toka upande unaoonyeshwa, haraka lakini kwa kutembea, maana walio juu hawaachiliwi mpaka nyie mwondoke.

Hilo la mwisho ndilo linaloamua foleni. Tuseme kila mfereji unaachilia boya moja la watu wawili kila sekunde 30: mifereji miwili inapitisha watu 480 kwa saa. Mkiwa 240 mbele yako, ni nusu saa. Kila jozi ikichelewa kutoka kwa sekunde 15, wanaopita wanashuka hadi 320, na nusu saa yako inakuwa dakika 45. Saa ya kwanza baada ya kufungua na saa ya mwisho kabla ya kufunga ndizo nzuri, na mtelezo wa mbali na lango hujaa baadaye.

Neno moja kuhusu maji yenyewe, kwa kuwa ni yaleyale yanayochujwa na kupandishwa tena. Klorini ndiyo inayoua vijidudu vingi, lakini kuna kimoja cha kuharisha, kriptosporidiamu, kinachoweza kuishi siku kadhaa hata kwenye maji yenye klorini ya kutosha. Mtoto anayeharisha asiingie, hata kama safari ilipangwa mwezi mzima. Na yale macho mekundu na harufu kali ambayo watu huiita "klorini nyingi" mara nyingi ni klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo. Kuoga kabla ya kuingia kunapunguza hilo kwa kiasi kikubwa.

Tulirudi wiki chache baadaye. Safari hii nilimpa binti kazi ya kupanga mbio, na nikamweleza kila nilichoandika hapa, kwa maneno yake. Alitupima wote wanne nyumbani kwa mizani. Akanitoa kwa kaka yake na kunichukua yeye, akampa mama yake yule kijana. Mizani ilionyesha pande mbili zilizokaribiana, tofauti ikiwa kilo 10 tu kwa upande wetu. Mbio ya kwanza tulishinda kwa nusu boya. Hakushangilia. Alisema ni lazima tubadilishane mifereji kwanza, na kwenye ngazi akawa anafuatisha kona kwa kidole, akihesabu kwa sauti zinazopinda kulia na zinazopinda kushoto.

Mbio ya pili, tukiwa kwenye mfereji wao wa zamani, tuliingia ndani ya bomba tukiwa nyuma kidogo. Giza likatufunika, tuk-tuk-tuk ikaanza kukimbia chini yetu, na nikamsikia akiwa mbele yangu, mikono kwenye mipini, mgongo umeegemea vizuri, akiniambia kwa sauti ya chini, "Sasa, Mjomba. Hapa ndipo tunapowapita."